Fundi Hupanda na Mzigo

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ile filimbi inayolia masikioni mwako imekuonea huruma kidogo. Mimi sijambo, mgongo tu ndio unalalamika, maana sakafu ya gereji yetu ni baridi na bosi anaamini kwamba kutandika kitu chini ya gari ni uvivu. Mama msalimie sana. Mwambie sweta lake nalivaa hata kazini, na oili zake zote.

Nina habari ya kukufurahisha. Nimepewa kazi kubwa, ya peke yangu. Kuna mama mmoja hapa watu wanamwita Mama Pembea. Ana ile pembea ya kuzunguka yenye farasi wa chuma, farasi kumi na sita, na maisha yake ni kutoka mji huu kwenda ule. Anaifunga kiwanjani, watoto wanapanda wiki mbili, anaifungua, anahama. Anaishi ndani ya gari lake. Ni gari-nyumba, Baba, dizeli, silinda sita. Mle ndani kuna kitanda, jiko, choo, pazia la maua, na vikombe vimening'inizwa kwenye ndoano kimoja kimoja ili visivunjike njiani. Nyuma linavuta tela la farasi. Nimelipima hilo tela: tani nne na ushee.

Shida yake ni vilima. Mwinuko ukiwa mrefu gari linahema kama mtu aliyeshiba akaambiwa akimbie. Malori yanawapita na kuwapigia honi. Mama Pembea anataka nguvu, na ndiyo kazi yangu hiyo. Naingia kwenye kompyuta ya injini, naiambia turbo isukume hewa zaidi, naziambia nozeli zimwage dizeli zaidi, basi. Spana sishiki. Najua unacheka.

Dereva ni kaka yake mkubwa, ana miaka sitini na tatu, na jina lake la utani ni Bwana Taratibu. Ungemwona anavyotoka getini ungeelewa. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, kulia tena, halafu kushoto mara ya mwisho kwa heshima tu. Mimi ananiita "daktari". Ananikumbusha wewe, ila usivimbe kichwa.

Binti yako, fundi


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mbili. Sisi wazima, kuku wanataga, mama yako anasema sweta hakulifuma kwa ajili ya oili lakini usithubutu kulivua. Umefanya vizuri kuandika badala ya kupiga simu. Simu kwangu ni kelele tupu; miaka thelathini ya dizeli haikuniachia masikio ya kusikilizia watu.

Hongera kwa kazi. Sasa nisikilize, Fundi Kompyuta. Nguvu haitoki hewani. Ukiongeza dizeli umeongeza moto, na moto lazima upate pa kutokea. Rejeta yake ya kupoza maji ni ile ile ya zamani? Basi hujaongeza nguvu, umeongeza homa. Na gari tupu halikuambii kitu. Tupu, kila gari ni hodari. Lifunge tela, upande mwenyewe, ukae ubavuni mwa dereva mpaka kileleni, pua yako ikinusa na macho yako yakiwa kwenye joto. Fundi hupanda na mzigo. Hilo nilikufundisha kabla hujajua namba za spana.

Unaniuliza kila mara kama nimerudi kazini. Sijarudi, na sirudi. Tangu lile lori la mchanga lidondoshe boliti ya oili njiani na injini kufa, sijagusa gari la mtu. Kichwa kimeanza kunidanganya, na fundi anayedanganywa na kichwa chake heri afuge kuku. Hata stempu ya barua hii, mama yako ndiye atakayeangalia kama nimeibandika kweli. Nimezoea.

Baba yako, aliyekuwa fundi


3 Machi

Baba,

Shikamoo. Haraka haraka, kazi zimenizidi. Mzima wewe? Kuku je?

Gari-nyumba limeondoka leo asubuhi. Nguvu imepanda theluthi nzima! Nililijaribu kwenye mwinuko wa nyuma ya soko, nikiwa nimepakia mapipa ya maji, likapanda kana kwamba barabara ni tambarare. Bwana Taratibu alicheka mpaka akatoa leso. "Daktari," akasema, "umemwotesha mzee meno mapya."

Rejeta kubwa tuliyoagiza haijafika, lakini Mama Pembea alikuwa na kiwanja kinamsubiri na bosi alitaka nafasi yake uani. Nitaifunga wakirudi. Kuhusu kupanda na mzigo, usinigombeze: tela lilifungwa asubuhi hii hii, na mimi nilikuwa chini ya basi.

Binti yako


20 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi, na mama yako anakuletea zake.

Nimewaambia watu wa duka la vipuri habari ya gari lako na farasi zake kumi na sita. Nimewaambia mara nyingi kiasi kwamba jana mwenye duka alisema, "Mzee, tumesikia, binti yako ni fundi, sasa unanunua nini?" Sikuwa nanunua kitu. Nilikwenda kusema tu.

Lakini "nilikuwa chini ya basi" si jibu. Niandikie wamefikaje.

Baba yako, aliyekuwa fundi


19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mwezi umepita. Mama yako anasema labda ni kazi, mimi nasema labda ni mgongo. Mmoja wetu umpe ushindi, mistari miwili inatosha.

Baba


2 Mei

Baba,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwa ukimya. Mgongo mzima. Nyote mu wazima? Nashindwa nianzie wapi.

Gari la Mama Pembea lilirudi likiwa limebebwa. Lilikufa siku ya tatu, katikati ya mlima mrefu. Maji yalichemka, gasketi ya silinda hedi ikaungua, pistoni mbili zimeyeyuka vichwa. Tela lilianza kuwavuta kurudi nyuma. Bwana Taratibu alikandamiza breki mpaka mguu ukafa ganzi, huku dada yake ameruka chini anatia mawe kwenye magurudumu. Hawakuumia. Kamba zilikatika, farasi mmoja akaanguka akavunjika mguu.

Bosi aliuliza mbele ya watu wote kama taa nyekundu ya joto iliwaka. Bwana Taratibu akasema haikuwaka. Kompyuta ikaunganishwa, ikaonyesha kikomo cha joto, kile kinachoamuru taa iwake, kiko mahali pake na hakuna ubovu. Kwa hiyo ilibidi iwe iliwaka, naye hakuiona. Wanasema alilewa nguvu mpya akakanyaga mafuta mno. Mama Pembea amemnyang'anya ufunguo mbele yetu. Sasa wako hapa mjini, gari liko uani kwetu limefumuliwa, na wao wanalala kwenye chumba cha kuazima karibu na kiwanja.

Ndiyo habari yenyewe. Kazi ina siku zake.

Binti yako


14 Mei

Mwanangu,

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Salamu zimeisha hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Imejaa "wanasema" na "ilibidi" na "kompyuta ikaunganishwa". Nani aliyeiunganisha? Tangu lini mwanangu anaandika kama karani wa polisi?

Mtu aliyekuwa anaangalia kushoto mara ya mwisho kwa heshima tu, leo amekanyaga mafuta mno? Mtu habadilishwi na turbo. Halafu kuna hili. Ulipokuja likizo ulikaa hapa kizingitini ukanieleza, ukichora kwa kijiti, kwamba magari haya ya kompyuta yakipata joto hujipunguzia nguvu yenyewe, dereva atake asitake. Nikakuambia hiyo ni akili. Sasa mbona hili halikujipunguzia? Pistoni haiyeyuki kwenye gari linalojilinda. Mimi sijui kompyuta, lakini pistoni nazijua.

Sikuulizi mengi. Nijibu moja tu: kikomo hicho cha joto kilikuwa wapi siku waliyoondoka?

Baba yako


9 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui kama nastahili uiitikie.

Kikomo nilikipandisha mimi. Siku ya kujaribu, kila nikifika nusu ya mwinuko taa inawaka na gari linajipunguzia nguvu, na bosi amesimama pembeni amekunja mikono. Nikakipandisha juu sana, pasipofikika. Taa ikanyamaza, gari likapanda, wote wakapiga makofi. Nilijiambia nitakirudisha rejeta ikifika. Rejeta haikufika na gari likaondoka hivyo hivyo. Sikusahau, Baba. Ningependa kukuambia nilisahau. Siku tatu zile kila nilipomeza mate nilikumbuka.

Na hilo si baya zaidi. Lilipoletwa uani, kabla mtu hajafungua hata boneti, nilipanda na kompyuta yangu nikakirudisha mahali pake. Dakika mbili. Aliyeiunganisha ni mimi. Kisha nikashuka nikasimama pamoja na wengine, nikamsikiliza mzee wa watu akisema taa haikuwaka, nikatazama viatu vyangu.

Juzi alikuja gereji kwa miguu. Amevaa miwani mipya. Akaniita pembeni kwa adabu zake zile, akasema, "Daktari, naomba unionyeshe ile taa inakaa wapi." Tukapanda ndani, yeye kwenye kiti chake, mimi ubavuni. Nikawasha swichi, na unajua swichi ikiwashwa taa zote huwaka kwanza. Akaanza kuzionyesha kwa kidole moja moja, akizitaja: hii ya betri, hii ya oili, hii ya breki, hii ya joto. Hakukosea hata moja. Akavua miwani akazitaja tena zote bila miwani. Halafu akageuka akaniuliza, "Zote naziona. Basi siku ile nilikuwa naangalia nini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Sikulitoa. Nilisema, "Uchovu, mzee."

Akatikisa kichwa akasema ndiyo, ni uzee, na kwamba amemwambia dada yake atafute dereva mwingine kabla yeye hajaua mtu. Leseni ameiweka ndani ya kopo la chai. Akanishukuru kwa muda wangu. Baba, alinishukuru! Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili watu wasinisikie.

Nina aibu mpaka mwili unaniwasha. Sijui nifanye nini. Ukiamua kunipiga kwa maneno, nipige.

Binti yako


18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Salamu ya mzazi hainyimwi mtu.

Nimekaa siku mbili na barua yako. Mama yako sikumsomea, nilimwambia una mafua. Kwa hiyo sasa umenifanya na mimi mwongo. Duka la vipuri sipiti tena, nazunguka kwa nyuma kama mdaiwa, mimi niliyewachosha watu kwa sifa zako.

Injini kufa, hilo sikugombezi. Nimeua injini mimi, na kila fundi mwenye mikono ameua. Kuacha kupanda na mzigo ni ujinga, na ujinga una dawa. Lakini mtu kukuuliza "nilikuwa naangalia nini" na wewe unajua, ukamwambia uchovu! Hapo sikukufundisha mimi. Hapo umejifundisha mwenyewe.

Nikuambie kitu ambacho hata mama yako hakijui. Ile boliti ya kumwagia oili ya lile lori la mchanga, naikumbuka. Naiona mpaka leo: niko chini, spana ya kumi na tisa, mkono wa kulia, naikaza mpaka inagoma. Natoka, nakwenda stoo kuchukua pipa la oili, narudi, namimina. Naikumbuka kama ninavyolikumbuka jina langu. Lakini boliti ilidondoka. Injini haisemi uongo, kwa hiyo mwongo ni mimi. Tangu siku hiyo nikifunga mlango namwita mama yako auangalie. Nikizima jiko namwita. Miaka saba. Mtu asipoweza kuuamini mkono wake mwenyewe, mwanangu, anakuwa mgeni ndani ya ngozi yake. Mimi nilipewa hayo na uzee, sina wa kumlaumu. Huyo mzee amepewa na wewe.

Nenda ukamwambie. Usiandike, usipige simu, usimtume mtu. Nenda kwa miguu yako, dada yake akiwepo, useme maneno yote, pamoja na zile dakika mbili. Usilie kabla hujamaliza, maana ukilia mapema wao ndio watakaoanza kukubembeleza.

Baba yako, aliyekuwa fundi


6 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimekwenda.

Niliwakuta kiwanjani. Farasi wamefunikwa turubai, yule mwenye mguu uliovunjika amelazwa pembeni kwenye majani. Mama Pembea alikuwa anaosha vikombe vyake kwenye ndoo, Bwana Taratibu anapaka grisi mhimili wa pembea ambayo haiendi popote. Nikasalimia, nikakataa kiti, nikasema yote. Kikomo, bosi aliyekunja mikono, rejeta, basi nililokuwa chini yake, dakika mbili za uani, na neno "uchovu". Sikulia kabla sijamaliza.

Mama Pembea alisimama na kikombe mkononi. "Miezi minne," akasema. "Miezi minne sijamwangalia ndugu yangu usoni. Toka hapa kabla sijakitupa hiki." Nilijua hakitupi, anavipenda, lakini mkono ulikuwa juu.

Bwana Taratibu hakupaza sauti. Aliuliza, "Kwa hiyo haikuwaka?"

Nikasema haikuwaka.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, mzee. Niliizima mimi."

Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. "Dada, umesikia? Haikuwaka." Akasema tena, peke yake sasa, haikuwaka. Kisha akatugeuzia mgongo, akashika shingo ya farasi aliyekuwa karibu, akaegemeza paji la uso pale. Tulimwacha. Alipogeuka aliniambia, "Binti, nenda kazini kwako." Binti. Si daktari tena.

Bosi amenipokonya kompyuta, na ni haki yake, ingawa anajua vizuri alisimama wapi siku ile. Injini naijenga upya mimi, kwa mikono, baada ya saa za kazi na Jumapili nzima. Pistoni mpya zimeingia. Rejeta kubwa imefika hatimaye. Nashika spana mpaka vidole havikunjiki.

Sasa Baba, kaa chini. Kama umesimama, tafadhali kaa.

Ulivyoandika kuhusu ile boliti, nilisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za gereji, nikasoma tena. Mkono wako haukukudanganya. Uliikaza. Nilikuwepo, nilikuona, ilikuwa spana ya kumi na tisa na uliguna ilipogoma. Ulipokwenda stoo niliona washa mpya ya shaba, ile pete ya kuzuia oili isivuje kwenye boliti, bado iko juu ya meza. Ulikuwa umerudishia ile kuukuu. Nikataka kukuonyesha kwamba na mimi nina jicho, kwamba nimeona kitu ambacho fundi mkuu hakukiona. Nikaingia chini, nikaifungua boliti, nikabadilisha washa, nikairudishia kwa vidole. Nikanyoosha mkono kuchukua spana na simu ikalia. Ilikuwa hii gereji, wananiambia nimepata kazi. Nilitoka mbio kumwambia mama. Ukarudi na pipa lako, ukamimina.

Habari ya lori ilinifikia nikiwa huku, wiki ya pili. Nilijua palepale. Nilisema nitakuambia wiki ijayo. Halafu ukaandika umefunga gereji, na ikawa kila barua inaongeza uzito juu ya ile iliyotangulia. Nilidhani umepumzika tu. Sikujua habari ya mlango wala ya jiko. Naapa sikujua. Lakini hata stempu niliijua, miaka yote uliniandikia kwa mzaha na mimi nikacheka.

Hukuzeeka, Baba. Ni mimi.

Binti yako


12 Agosti

Baba,

Shikamoo. Wiki ya tano sasa na hujajibu. Mama amenipigia, hakusema kitu cha maana, ameuliza mafua yamepona. Nimesema bado.

Sikuandikii kukuharakisha. Nataka tu ujue kwamba nimepanda na mzigo.

Gari limekamilika. Rejeta kubwa, kikomo cha joto pale pale kiwanda kilipokiweka, nguvu nimeirudisha chini, imebaki kidogo tu juu ya ile ya zamani. Mama Pembea haongei na mimi, anaongea na gari, lakini alikubali. Farasi wote kumi na sita wakafungwa, yule wa mguu nimemchomelea mwenyewe. Bwana Taratibu alitoa leseni kwenye kopo, inanuka majani ya chai. Alikataa kushika usukani mara mbili. Mara ya tatu dada yake alimtupia ufunguo akasema, "Twende, mbona unatuchelewesha," akapanda.

Tulikwenda mlima ule ule. Mimi ubavuni, macho yangu kwenye joto kama ulivyonifundisha, sikupepesa. Tumefika robo ya mwisho, jua linawaka, tela linavuta. Nikapepesa mara moja.

"Ile pale," akasema.

Taa. Aliiona yeye kabla yangu. Bila miwani. Gari lenyewe likaanza kujipunguzia nguvu, malori yakatupita yakipiga honi, naye akasogea pembeni polepole, akaangalia kulia na kushoto na kulia tena, akasimamisha. Tukakaa nusu saa injini ipoe. Alikuwa anaitazama tu ile taa mpaka ikazimika, halafu akanitazama mimi, akacheka kidogo. Tukafika juu kwa gia ya pili.

Hajaniita daktari. Sijaomba.

Binti yako


9 Septemba

Wewe,

Salamu sikuziweka juu kwa sababu sikujua kama nitazitoa. Nitaona nikifika chini.

Barua yako ya Julai niliisoma mara moja, nikaitia kwenye kopo la misumari, nikaweka misumari juu yake. Niliwaza maneno ya kukuandikia, mengine hata mama yako angenifukuza nyumbani. Miaka saba, mtoto. Miaka saba naomba mtu aniangalizie mlango wangu mwenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane nikakaa chini na kuku, nikangoja akili iishe. Kila asubuhi nilikuwa najipima: jana nilikula nini, juzi nilivaa nini. Na wewe ulikuwa na jibu mfukoni unanitumia salamu.

Mwishowe nilimwambia mama yako. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi akasema, "Kwa hiyo mlango ulikuwa unaufunga siku zote?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nilikuwa nauona umefungwa siku zote, nikadhani nakusaidia." Akalia yeye, mimi nikakosa nafasi.

Wiki iliyopita jirani aliharibikiwa na injini ya pampu ya maji. Hakuniuliza, wameacha kuniuliza zamani. Nilikwenda mwenyewe. Nilifungua stoo, spana zimeshika kutu, nikazisugua kwa mafuta ya taa siku nzima. Nikamwaga oili yake chafu, nikabadilisha washa, maana kuhusu washa ulisema kweli, ile ya lori ilikuwa kuukuu na sikuiona. Nikaikaza boliti. Iligoma, nikaguna. Nikatoka.

Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikangoja ule wasiwasi wangu unirudishe kwenda kuangalia tena. Nilingoja sana. Nikalala.

Sijakusamehe vizuri. Nimekusamehe vipande, vingine bado vinauma nikivigusa. Ile ya taa uliyoniandikia nimeisoma mara nyingi zaidi ya ile nyingine. Mwambie Bwana Taratibu kuna mtu huku anamsalimu. Asiulize ni nani, mwambie tu mwenzake.

Njoo likizo. Utalala chumba chako. Lakini ukiwa hapa, boliti niliyoikaza mimi haiguswi na mtu bila kuniambia, hata kama washa yake imetengenezwa kwa karatasi. Umesikia?

Marahaba, mwanangu. Marahaba kwa zote ulizotuma na sikuitika.

Bahasha hii nimeifunga mwenyewe, na stempu nimeibandika mwenyewe. Mama yako yuko nje, sikumwita.

Baba yako, fundi